Si picha, ni uzito

Habari moja imesema setilaiti zinaweza kupima uzito wa maji ya ziwa letu, Victoria, na hata kutuonyesha pa kuchimba kisima. Mchangiaji mmoja anabisha kwamba haziwezi kupima uzito, eti ni picha tu. Hapana ndugu yangu. GRACE, ya Marekani na Ujerumani, iliyorushwa 2002, ilikuwa setilaiti mbili zikifuatana, kilomita 220 hivi kati yao. Ya mbele ikikaribia penye uzito mkubwa huvutwa kwanza, umbali kati yao unabadilika kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, na kiasi hicho kinapimwa! Tangu 2018 kazi inafanywa na jozi iliyozirithi, GRACE-FO.

Sasa piga hesabu. Ziwa Victoria ni kama kilomita za mraba 68,800. Maji yakipanda mita moja tu, ni tani bilioni 69 zimeongezeka. Mwaka 2020 hapa Kirumba, Mwanza, jiwe tunalofulia lilimezwa lote, mtumbwi wa jirani ukafungwa kwenye mwembe.

Ila mwandishi wa habari ile katia chumvi kusema setilaiti hizi zitatuonyesha pa kuchimba kisima. Zinaona eneo la kilomita mia tatu hivi kwa mkupuo, yaani Mwanza, Geita na Shinyanga ni doa moja. Kwa kisima muiteni mpimaji aje na vyombo vyake.