Kiu ya Kaya na Kiu ya Mto: Kwa Nini Mizani ya Maji Imepinda

Wanaojadili uhaba wa maji duniani huvutana katika pande mbili. Upande mmoja unasema maji yenyewe ndiyo machache: watu wameongezeka, mashamba yamepanuka, hali ya hewa imebadilika, na mito iliyowatosha mababu haiwezi kuwatosha wajukuu. Upande wa pili unasema maji yapo, ila kinachokosekana ni mabomba, fedha na haki katika ugawaji. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya mwaka 2006, iliyotolewa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliegemea waziwazi upande huu wa pili, ikisema kwamba mzizi wa tatizo ni madaraka na umaskini zaidi ya uchache wa maji. Miaka imepita na mabishano hayajaisha. Naamini hayajaisha kwa sababu pande hizi zinazungumzia kiu mbili kana kwamba ni moja. Ipo kiu ya kaya na ipo kiu ya mto; kila moja ina chanzo chake, na dawa ya moja haiiponyi nyingine.

Tuanze na hoja ya uchache, ambayo ina uzito wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu wa Sweden Malin Falkenmark alipendekeza kipimo ambacho bado kinatumika: nchi yenye chini ya mita za ujazo 1,700 za maji yanayojirudisha kwa kila mtu kwa mwaka ina msongo wa maji, na ikishuka chini ya 1,000 ina uhaba. Kenya imekuwa chini ya 1,000 kwa miaka mingi. Kwa dunia nzima picha inaonekana nyepesi, kwani binadamu huchota takriban kilomita za ujazo 4,000 kwa mwaka, sawa na sehemu moja hivi ya kumi ya maji yote yanayotiririka kutoka nchi kavu. Lakini wastani huo unaficha mambo mawili. Sehemu kubwa ya maji hayo hupita kama mafuriko ya wiki chache au katika mabonde kama ya Amazon na Kongo, mbali na mashamba na miji inayoyahitaji. Na bara la Asia, lenye karibu asilimia 60 ya watu wote, lina kama asilimia 36 tu ya maji ya mito duniani. Katika karne moja iliyopita matumizi yameongezeka kiasi cha mara sita, na hakuna mto ulioongezeka hivyo.

Hata hivyo, kipimo cha Falkenmark hakielezi kwa nini mama wa Goma, mashariki mwa Kongo, anabeba dumu kichwani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi, yaani mita za ujazo 18 hadi 36 kwa mwaka. Hata nchi yenye mita 500 kwa kila mtu ina zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Mto Kongo humwaga baharini takriban mita za ujazo 41,000 kila sekunde, na hakuna mto unaouzidi duniani isipokuwa Amazon. Goma yenyewe imekaa kando ya Ziwa Kivu. Na bado familia nyingi za mji huo huchota maji ziwani yakiwa hayajatibiwa, na kipindupindu hurudi mara kwa mara. Upande mwingine wa dunia, Kuwait na Qatar hazina mto hata mmoja wa kudumu, lakini bomba halikauki kwa sababu maji ya bahari huondolewa chumvi kwa gharama ambayo nchi hizo zinaimudu. Ukiziweka nchi hizi pamoja, hoja ya kwamba mtu anakosa maji ya kunywa kwa sababu nchi yake haina maji inaanguka.

Kinachobaki ni uendeshaji, na hapa wapo wanaoamini katika sekta binafsi na wapo wanaoamini katika serikali. Dar es Salaam ilijaribu njia ya kwanza: mkataba wa kampuni ya City Water ulianza mwaka 2003 na ukavunjwa na serikali Mei 2005. Lakini kuurudisha mtandao mikononi mwa umma hakukuziba nyufa za mabomba. Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, baada ya vita, zaidi ya asilimia 70 ya maji yaliyosafishwa huko yalikuwa yakipotea kwa kuvuja au kuibwa; chini ya Ek Sonn Chan, mamlaka hiyo hiyo ya umma ilifunga mita, ikawakatia maji wakubwa wasiolipa, ikawaunganishia maskini kwa ruzuku, na upotevu ukashuka hadi chini ya asilimia 10. Miji yetu ambayo bado inapoteza zaidi ya theluthi ya maji yake njiani haiwezi kusingizia mvua peke yake. Na gharama ya upotevu huo haiwaangukii wote sawa. Dumu la lita 20 likiuzwa shilingi 300 kwa mkokoteni, mita moja ya ujazo inafika shilingi 15,000, mara kadhaa ya bei ya bombani; anayelipa bei hiyo ni yule ambaye bomba halikumfikia.

Kama mjadala ungeishia hapo, upande wa pili ungekuwa umeshinda. Hauishii hapo, kwa sababu maji ya kaya ni sehemu ndogo tu ya maji tunayoyatumia. Kilimo huchukua karibu asilimia 70 ya maji yote yanayochotwa duniani, na chakula cha mtu mmoja kwa siku huhitaji lita 2,000 hadi 5,000 kukizalisha. Hapa hakuna bomba la kuziba. Saudi Arabia ilijaribu kuipita hesabu hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970: kwa ruzuku kubwa ililima ngano jangwani kwa kuchimba maji ya kale yaliyoko chini ya ardhi, ambayo mvua ya leo haiyarudishi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Mwaka 2008 iliamua kuachana na mpango huo, na kufikia 2016 ununuzi wa ngano ya ndani ulikuwa umesitishwa. Mahitaji hayakutoweka. Kampuni ya maziwa ya huko, Almarai, ilinunua ardhi Arizona, Marekani, mwaka 2014 ili kulima majani ya mifugo kwa maji ya chini ya ardhi ya huko, kisha kuyasafirisha hadi Ghuba.

Biashara ya namna hiyo ina watetezi wenye hoja nzito. Marehemu Profesa Tony Allan wa London, aliyepewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2008, alionyesha kwamba tani moja ya ngano inayoingia Mashariki ya Kati huja na takriban tani 1,000 za maji ambayo nchi husika hailazimiki kuyatafuta, na kwamba hilo limezipunguzia nchi za ukame sababu za kupigania mito. Nakubaliana naye, kwa sharti moja: anayeuza awe na maji ya kuuza. India ndiyo muuzaji mkubwa wa mchele duniani, na ndiyo pia nchi inayochota maji mengi zaidi ya chini ya ardhi, kuliko China na Marekani kwa pamoja. Huko Punjab, ambako umeme wa pampu hutolewa bure kwa wakulima, visima vinazidi kurefushwa, na sheria ya mwaka 2009 ya kuchelewesha upandaji wa mpunga hadi karibu na masika haikutosha kulizuia hilo. Mkulima yule si mjinga wala mharibifu. Serikali imemwambia maji hayana bei na mpunga una soko la uhakika.

Kwa Tanzania, kiu ya mto inaonekana vizuri zaidi katika Ruaha Mkuu. Mto huo hushuka kutoka nyanda za juu za kusini, hupita katika tambarare ya Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hufika Mtera na Kidatu yaliko mabwawa ya umeme. Tangu mwaka 1993 hivi, kila kiangazi mto hukatika ndani ya hifadhi kwa wiki kadhaa, viboko wakibaki wamejazana kwenye madimbwi. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Lawama ziliwaangukia wafugaji, ambao waliondolewa na mifugo yao mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika hifadhi. Mto uliendelea kukauka.

Waliotetea hatua hiyo hawakuwa wakizua, kwani Ihefu ilikuwa imeelemewa na mifugo na ardhi oevu iliyokanyagwa haihifadhi maji. Lakini ng'ombe hunywa kidogo ukilinganisha na jaruba la mpunga, na watafiti walioufuatilia mto walionyesha kwamba kilichobadilika zaidi ni uchepushaji wa maji wa kiangazi. Miradi ya kuboresha umwagiliaji, mingi ikifadhiliwa na wahisani, ilibadilisha mabanio (vizuizi vya kuchepusha maji ya mto kwenda mashambani) ya magogo na mawe, ambayo yalivuja na kuacha maji yapite, kwa mabanio ya zege yenye milango ya chuma yanayoweza kuuchukua mto wote maji yanapopungua. Wahandisi waliita hilo ongezeko la ufanisi, na kwa mkulima wa juu lilikuwa hivyo. Kwa wa chini, yale yaliyokuwa yakivuja ndiyo yaliyokuwa maji yake. Mfugaji aliondolewa kwa sababu alikuwa rahisi kuondolewa; banio halikuguswa kwa sababu lilikuwa maendeleo.

Mabadiliko ya hali ya hewa yanazidisha ugumu huu bila kuuanzisha. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua huja kwa mafungu makubwa yaliyotenganishwa na ukame mrefu. Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano mfululizo ya mvua kuanzia mwishoni mwa 2020, kisha mwishoni mwa 2023 mafuriko yakasomba nyumba huko huko Garissa na Tana River. Mabwawa ni sehemu ya jibu. Dar es Salaam iliyoingia katika mgawo Oktoba 2022 Mto Ruvu uliposhuka inalihitaji bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo kadhaa. Ila bwawa huhifadhi maji tu, halisemi ni ya nani.

Swali la ni ya nani ndilo linaloamua nani atabeba upungufu mwaka wa ukame, na majibu mengi yaliyopo yamejengwa juu ya ahadi za kiasi kisichobadilika. Mkataba wa Mto Colorado wa Marekani wa mwaka 1922, pamoja na ule wa Mexico wa 1944, uligawa takriban kilomita za ujazo 20 kwa mwaka, kwa kuwa takwimu za wakati huo zilitoka katika miaka ya mvua nyingi. Tangu mwaka 2000 mto huo umetoa wastani wa kama 15. Zile tano zilizobaki hazikuwahi kuibwa na yeyote, ziliandikwa tu. Vibali vyetu vya kutumia maji vina kasoro hiyo hiyo, maana humpa mwombaji lita kadhaa kwa sekunde, na kiangazi mto ukishuka chini ya jumla ya vibali, aliye juu huchukua chake kamili na aliye chini hubaki na karatasi.

Utaratibu wa tofauti upo na ni wa kale. Nchini Oman, katika mifereji ya falaji kama ule wa Daris huko Nizwa, maji hupita kwanza mahali pa kuchotea ya kunywa, ambako kila mtu huchota bila malipo, na baada ya hapo mashamba hugawana kwa muda, nusu saa kwa nusu saa. Chemchemi ikipungua, fungu la kila mmoja hupungua kwa uwiano ule ule, na hakuna anayekosa kabisa. Zamu za wakulima wa Usangu zinafanana na hilo. Wapinzani watasema, kwa haki, kwamba falaji huhudumia kijiji ambamo watu wanajuana, ilhali bonde kama la Rufiji lina wilaya nyingi, mashamba makubwa na mitambo ya umeme. Tena pampu za kisasa zimekausha falaji kadhaa huko huko Oman. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009 tayari inaipa kaya nafasi ya kwanza, kisha mazingira. Kilichobaki ni kwa bodi za mabonde kuandika vibali vya umwagiliaji kwa sehemu ya mto badala ya lita, na kujenga mabanio ambayo kimaumbile hayawezi kuchukua zaidi ya sehemu hiyo, kuanzia na yale makubwa ya juu.