Bomu haliishii pale linapoachiwa

Sisi tunaopenda ndege za Vita Kuu ya Pili tukikutana lazima maongezi yaishie kwenye namba. Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Uingereza, ilikuwa inabeba tani ngapi, bomu la Grand Slam lilikuwa zito kiasi gani (karibu tani 10, na mpaka vita inaisha yalikuwa yamedondoshwa kama 40 tu), mabomu ya Tallboy mangapi yaliipiga meli ya kivita ya Ujerumani, Tirpitz, kule Norway Novemba 1944. Mi mwenyewe nayapenda haya mambo, naweza kukesha nayo. Ila kuna kitu kinanikera, na nimeona nikiseme wazi: stori zetu karibu zote zinakatika sehemu moja. Tunakaa na rubani mpaka juu ya Ujerumani, milango ya tumbo la ndege inafunguka, bomu linaachiwa, basi, tunahamia ndege nyingine. Nani alilipakia hatujui, lilimkuta nani huko chini hatuulizi, na kama halikulipuka ndo kabisa, utadhani liliyeyuka hewani.

Chukua lile bomu la kilo 1,800, ambalo watu wa kambini walizoea kuliita cookie. Kila shabiki analijua kwa picha, pipa kubwa la chuma lisilo na umbo la maana. Karibu robo tatu ya uzito wake ilikuwa baruti tupu, chuma chenyewe kilikuwa chembamba, milimita 8 hivi, kwa sababu halikutengenezwa kutoboa kitu. Kazi yake ilikuwa upepo wa mlipuko, ung'oe vigae vya paa na kupasua madirisha mtaa mzima, ili vibomu vidogo vya moto vinavyokuja nyuma yake vipate pa kuingilia. Ukishaelewa hivyo umeshaelewa pia lililengwa wapi, maana vigae na madirisha ni vya nyumba za watu. Yaani ufundi wenyewe unakuambia, huhitaji mtu wa kukuhubiria.

Sasa rudi nyuma masaa machache kabla, uwanja wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Mkoa ule mmoja ulikuwa na viwanja zaidi ya 40 vya ndege za vita, Scampton, Waddington, Woodhall Spa, East Kirkby na vingine, vingi vilijengwa harakaharaka kwenye mashamba ya watu kwa hiyo matope kila mahali, na watu wanalala kwenye vibanda vya mabati vya duara vyenye jiko moja la makaa katikati ambalo anayelala mbali nalo anaganda. Ghala la mabomu linawekwa pembeni kabisa ya uwanja, mbali na watu. Asubuhi amri inashuka kwamba usiku wa leo kuna safari, na mafundi wa silaha wanaanza, wanayatoa mabomu, wanayafunga mikia, wanaweka fyuzi (kiwashio cha bomu), wanayapanga kwenye matrela, halafu trekta linavuta msafara kuzunguka uwanja mpaka ilipo kila ndege, na matrekta mengi yaliendeshwa na wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi la anga. Wakifika wanalivuta bomu juu kwa winchi ya kuzungusha kwa mkono. Kwenye baridi ile, vyuma vyenye barafu, mvua inapiga, na usisahau cookie ilikuwa na chuma chembamba, ikidondoka vibaya hakuna wa kuja kusimulia.

Halafu mchana amri inabadilika. Mji uliopangwa umeahirishwa, tunaenda kwingine, na mzigo wa kule si huu. Yale yote yaliyopakiwa yanashushwa, yanapakiwa mengine, masaa yamebaki machache. Au wanamaliza kila kitu, jua linazama, safari inafutwa kwa sababu ya ukungu, wanaanza kushusha. Hii ilikuwa kazi ya kila siku, mwezi kwa mwezi, ya watu ambao hawakupewa nishani za kuvutia wala hawapo kwenye picha tunazorushiana. Wakati tukimsifia rubani mmoja mpaka tunajua jina la mbwa wake, hawa tunawataja kwa jumla, "wale wa chini".

Na walikufa pia. Tarehe 27 Novemba 1944, saa tano na kitu asubuhi, ghala la Fauld kule Staffordshire lililipuka. Lilikuwa chini ya ardhi, kwenye mgodi wa zamani wa jasi, na tani kama 3,500 mpaka 4,000 za mabomu zikaenda kwa mpigo. Watu wapatao 70 walikufa, wafanyakazi wa ghala, wanakijiji, mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wanafanya kazi pale, na shamba zima lililokuwa juu yake likatoweka na kila kilichokuwepo. Bwawa la maji jirani likapasuka, tope likafunika kiwanda cha jasi. Uchunguzi ulisema inaelekea mtu alikuwa anatoa detoneta (kile kinachoanzisha mlipuko) kwenye bomu lililorudishwa kwa kutumia patasi ya shaba badala ya kifaa cha mbao. Shimo lake lenye kina cha kama mita 30 lipo mpaka leo. Nimeshakaa na wadau wanaojua namba ya usajili ya kila Lancaster iliyokwenda kupiga yale mabwawa ya Ruhr kule Ujerumani, ukiwatajia Fauld wanakuangalia tu.

Hayo mabwawa nayo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943 zilipaa ndege 19 kwenda kuyabomoa, zikapotea 8, wakafa 53 waliokuwa ndani. Hiyo tunaikariri kama sala. Maji yalipotoka bwawa la Möhne yaliua watu karibu 1,600 bondeni, na wengi wao hawakuwa hata Wajerumani, walikuwa wafanyakazi wa kulazimishwa, wengi wanawake kutoka Umoja wa Kisovieti, waliofungiwa kambini pale Neheim. Hiyo namba nayo ni ya safari ileile, kwa nini ikae mbali na ile 53?

Wala sisemi haya kuwadharau waliopaa. Kati ya watu kama 125,000 waliorushwa na kikosi cha mabomu cha Uingereza walikufa 55,573. Kabla ya kwenda wanapewa mayai na nyama, wakati raia wa kawaida anapata yai moja kwa wiki kama yapo, na wenyewe wanajua kwa nini wanapewa. Zamu ilikuwa safari 30 ndo upumzike, wengi hawakufika. Kulikuwa na vijana waliotoka mbali sana kuja kwenye hii kazi, mmoja ni Ulric Cross wa Trinidad, navigeta (mwonyesha njia) wa Mosquito, ile ndege ya mbao, safari 80, 21 kati ya hizo Berlin. Baada ya vita alisoma sheria na miaka ya 60 mwishoni akaja kuwa jaji wa Mahakama Kuu hapahapa Tanzania. Watanzania wangapi tunaoshabikia ndege tunamjua? Mosquito yenyewe tunaijua mpaka aina ya mbao.

Ila sehemu ninayoona tunaipuuza kuliko zote ni ya mwisho, ya mabomu ambayo hayakulipuka. Septemba 2017 Frankfurt walikuta cookie kwenye eneo la ujenzi karibu na chuo kikuu, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa siku moja, hospitali mbili zikiwemo na watoto wachanga. Krismasi ya 2016 ilikuwa Augsburg, watu 54,000. Haya yaliteguliwa salama.

Kuna mengine hayategukiki kirahisi, na hapa ndo shabiki wa kweli wa ufundi anatakiwa akae chini asome. Ziliwekwa fyuzi za kuchelewa, zipige baada ya masaa au siku kadhaa, watu wakiwa wamerudi kufukua. Kipropela mkiani kinazungushwa na upepo bomu likishuka, kinasukuma skrubu inayovunja kichupa cha kioo chenye asetoni, asetoni inadondokea seluloidi iliyoshikilia pini, seluloidi ikilainika pini inafyatuka. Sasa pale Oranienburg, kaskazini ya Berlin, ardhi ni laini juu na ngumu chini, bomu likaingia, likakunja, likatulia pua ikiangalia juu. Asetoni ikatiririka upande usio wake. Bomu likabaki limelala, na seluloidi imekuwa ikichakaa yenyewe kwa umri miaka yote hii, kwa hiyo kadiri muda unavyokwenda ndo hatari inaongezeka, haipungui. Mji ule ulipigwa na ndege zaidi ya 600 za Marekani tarehe 15 Machi 1945 na mpaka leo wanachimba kutafuta.

Göttingen, mji mwingine wa Ujerumani, Juni 2010, bomu lenye fyuzi ya namna hiyo lilikutwa kwenye ujenzi wa ukumbi wa michezo. Lililipuka kama saa moja kabla ya muda wa kulitegua, likaua mafundi watatu. Mi hao nawahesabu kwenye orodha moja na wale wa Fauld, kazi yao ilikuwa ileile, mikono kwenye fyuzi, tofauti ni miaka tu.

Kwa hiyo kama kuna mdau ana kumbukumbu za mafundi silaha wa kambi yoyote ile, au anaelewa vizuri jinsi wategua mabomu wanavyozishughulikia hizi fyuzi za asetoni, alete, mi niko tayari kukesha. Grand Slam tumeshaiongea vya kutosha.