Ligi Haihitaji Mahakama Kuizima Tamthilia

Februari 2004, kituo cha ESPN cha Marekani kilitangaza kwamba tamthilia yake Playmakers haitarudi kwa msimu wa pili. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya mfululizo kutengenezwa na kituo hicho: vipindi 11, vilivyorushwa kati ya Agosti na Novemba 2003, kuhusu timu ya futiboli ya Kimarekani iitwayo Cougars. Watazamaji ilikuwa nao. Sifa ilikuwa nazo pia, maana American Film Institute, taasisi ya filamu ya Marekani, iliitaja miongoni mwa kazi bora za televisheni za mwaka ule. Ilichokosa ni ridhaa ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani.

Sasa tujiulize NFL ilikuwa na haki gani hapo. Ligi iliyooneshwa ilikuwa ya kubuni, timu ya kubuni, wachezaji wa kubuni. Hapakuwa na nembo ya klabu yoyote ya kweli. Wakili angekosa hata pa kuanzia. Pamoja na hayo, kamishna wa wakati huo, yaani mkuu wa ligi, Paul Tagliabue, alipeleka malalamiko yake moja kwa moja kwa Michael Eisner, mkuu wa Disney, kampuni inayoimiliki ESPN. Chama cha wachezaji nacho kikanung'unika. Na msimamizi wa vipindi wa ESPN, Mark Shapiro, alipoulizwa hakuzungusha maneno: kituo hakikuwa na kazi ya kumuudhi mshirika wake.

Ushirika huo ulikuwa na bei. Kwa mkataba ulioanza 1998, ESPN ililipa takriban dola milioni 600 kila mwaka kwa mechi za Jumapili usiku, na ABC, kituo kingine cha Disney, takriban milioni 550 kwa mechi za Jumatatu. Mkataba ulikuwa unaisha na msimu wa 2005. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na Disney ilikuwa bado inataka kuzaa. Aprili 2005 ikatangazwa kuwa mechi za Jumatatu zitahamia ESPN kuanzia 2006, kwa dola bilioni 1.1 kwa mwaka, miaka minane. Sisemi kwamba kufutwa kwa Playmakers ndiko kulikoleta mkataba huo. Nasema hakuna mtu mwenye akili timamu angeingia kwenye mazungumzo ya kiasi hicho huku akiwa na tamthilia inayomkera muuzaji.

Mjadala kuhusu ligi na tamthilia za michezo huelemea sana upande wa sheria za nembo: je, mwandishi anaruhusiwa kutaja klabu halisi, kuonesha jezi, kutumia jina la ligi? Maswali halali, ila majibu yake yanampendelea mwandishi kuliko wengi wanavyodhani. Marekani, tangu kesi ya Rogers dhidi ya Grimaldi ya 1989, kazi ya sanaa inaweza kutumia alama ya mtu mwingine mradi ina uhusiano wowote na maudhui na haimdanganyi mtazamaji waziwazi kuhusu nani ameitengeneza. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikataa hoja ya Chuo Kikuu cha Alabama kwamba mchoraji aliyechora mechi zake alivunja haki za alama kwa kuonesha sare za timu kwenye picha zake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya wiski ya Jack Daniel's, iliupunguza ulinzi huo pale alama ya mwingine inapotumika kuuzia bidhaa zako mwenyewe. Kwa mtayarishaji maana yake ni rahisi: kumvalisha mhusika jezi kwenye hadithi ni jambo moja, kuuza fulana zenye nembo hiyo dukani ni jambo lingine kabisa.

Kuhusu hakimiliki ya nembo, NFL yenyewe imewahi kusimama upande wa wanaotumia bila ruhusa. Mlinzi mmoja wa usalama wa Baltimore alikuwa amechora nembo iliyokuja kutumiwa na klabu ya NFL ya Baltimore Ravens katika misimu yao ya mwanzo, na mahakama ikakubali kwamba mchoro ulikuwa wake. Alipolalamika kuwa nembo hiyo inaonekana kwenye video za kihistoria za ligi, NFL na klabu walijitetea kwamba inapita haraka, ndani ya simulizi, na hayo ni matumizi ya haki, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu bila idhini ya mwenye hakimiliki. Mwaka 2013 walishinda. Hoja hiyohiyo ingemfaa mtunzi wa tamthilia.

HBO, kituo kingine cha televisheni cha Marekani, iliijaribu hoja hiyo kwa vitendo. Tamthilia yake Ballers, iliyorushwa kuanzia 2015 hadi 2019, ilijaa nembo na jezi za klabu halisi za NFL, nyingine zikionekana katikati ya ulevi na ugomvi. Ligi haikuwa imetoa ruhusa. HBO ilisema inaheshimu mali za wengine ila sheria haiilazimu kuomba idhini katika muktadha huo. Tamthilia ikaenda misimu mitano. Sheria ilikuwa ileile kwa vituo vyote viwili, HBO na ESPN, isipokuwa HBO haikuwa ikinunua mechi za moja kwa moja za NFL. Ilikuwa na ushirikiano nayo kwenye Hard Knocks, kipindi cha hali halisi kuhusu maandalizi ya klabu, lakini hicho ni kipindi kimoja, wala si uti wa mgongo wa biashara yake.

Kwa nini basi watayarishaji wengi bado wanabisha hodi kwa ligi? Kwanza kuna bima. Kabla msambazaji hajapokea tamthilia, hutaka bima ya makosa na upungufu, ile inayolipa endapo mtu atashtaki kwa kuchafuliwa jina au kutumiwa alama yake. Kampuni ya bima nayo haikubali maneno matupu. Hutaka mswada upitiwe mstari kwa mstari, na kila jina, namba ya jezi, jina la timu na uwanja viorodheshwe. Mtafiti huchukua jina la mhusika na kulilinganisha na wachezaji halisi: nafasi anayocheza, namba yake, mji wa klabu, umri. Jina likifanana na la mtu mmoja tu aliye kwenye mchezo huohuo, linabadilishwa. Likifanana na la watu wengi, au lisifanane na la yeyote, linapita. Mhusika mwenye kashfa ya dawa ndiye anayekaguliwa kuliko wote. Na wakili wa bima akiona nembo halisi isiyo na leseni, anaweza kuiondoa kwenye ulinzi wa bima hata kama sheria iko upande wako, kwa kuwa yeye anapima gharama ya kushtakiwa. Kushinda kesi baada ya miaka mitatu hakumpunguzii gharama hiyo.

La pili ni zito zaidi: picha za mechi. Futiboli ya Kimarekani inataka watu 22 uwanjani kwa wakati mmoja, wote wamevaa helmeti na kinga za mabega, pamoja na waamuzi, benchi zima la kila upande, na maelfu ya watazamaji jukwaani. Kupiga dakika mbili za mchezo zinazoaminika kunaweza kula siku kadhaa, na waigizaji wa ziada wakichoka huanza kukimbia kama watu walioambiwa wakimbie. Njia ya mkato ni kuchukua picha ya mbali ya mechi halisi iliyorushwa, kisha kuiunganisha na picha ya karibu ya mwigizaji aliyevaa sare ileile, akipumua kwa nguvu, jasho likimtoka. Jicho linadanganyika vizuri. Lakini picha ile ya mbali ni hakimiliki ya ligi, na ukiitumia kujazia hadithi yako, hoja ya matumizi ya haki inakuwa dhaifu. Hapo ndipo unapoomba leseni.

Leseni haiji peke yake. Kwa kawaida ligi hutaka kusoma mswada kabla ya kupiga picha, na si ule wa kipindi kimoja tu, bali muhtasari wa msimu mzima. Mara chache hujibu kwa neno "hapana". Hujibu kwa maelezo madogo: daktari wa timu asiwe mwajiriwa wa klabu, awe wa nje, sindano ya kutuliza maumivu ichomwe nyumbani, si chumba cha kubadilishia nguo, anayecheza kamari awe binamu wa mchezaji. Kila ombi lina busara yake ukilitazama peke yake. Ukiyaweka pamoja, hatia yote imehama kutoka taasisi kwenda kwa mtu mmoja mwenye udhaifu. Tamthilia bado ina dawa, maumivu na kamari, lakini ligi imekuwa mandhari safi nyuma yake.

Ndiyo maana sishangazwi na aina ya kazi zinazopata baraka. Filamu ya Draft Day ya 2014 ilipewa nembo, klabu halisi na hata kamishna Roger Goodell mwenyewe mbele ya kamera, nayo inahusu siku ya klabu kuchagua wachezaji wapya, ambayo ligi huigeuza sherehe. Tamthilia ya Pitch ya 2016, kuhusu mwanamke wa kwanza kurusha mpira katika ligi kuu ya besiboli, ilitengenezwa kwa ushirikiano na ligi hiyo, MLB, ikavaa sare za klabu ya San Diego Padres, na kurushwa na Fox, kituo kinachoonesha besiboli. Ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo bila kejeli, na iliishia vipindi 10. Leseni haikuiokoa. Hilo watayarishaji hulisahau: ligi inaweza kukupa jezi, haikupi watazamaji.

Uingereza kuna mfano unaopindua dhana ya wengi. Dream Team ilirushwa na Sky One kuanzia 1997 hadi 2007, chini ya kampuni iliyokuwa ikinunua mechi za Ligi Kuu ya nchi hiyo. Klabu yake ya kubuni, Harchester United, ilipitia mauaji, ajali ya basi la timu na kila balaa ambalo mtunzi angeweza kuliwaza. Tamthilia ikadumu miaka kumi. Kwa maoni yangu sababu ni kwamba hakuna mtazamaji aliyetoka pale akiamini anajua jambo jipya kuhusu mpira. Vituko havitishi. Mchezaji anayeficha jeraha la kichwa kwa kuogopa kupoteza nafasi ndiye anayetisha, kwa sababu yupo. Playmakers ilionesha wachezaji wakichomwa dawa ili wacheze, ukatili wa nyumbani, na mchezaji anayeficha kwamba ni shoga. Miaka kumi baadaye NFL ilikubaliana na wachezaji wake wa zamani kuhusu majeraha ya ubongo kwa kiasi kilichotajwa mwanzoni kuwa dola milioni 765.

Anayetaka kuona ligi ikiandika hadithi yake yenyewe atazame United Passions ya 2014, filamu kuhusu FIFA iliyogharamiwa kwa sehemu kubwa na FIFA. Wikiendi yake ya kwanza katika kumbi za Marekani iliingiza dola 918. Sina la kuongeza.

Hali ya sasa ni mbaya kuliko ya 2004. Wakati ule mtunzi aliyekataliwa na kituo cha michezo aliweza kwenda kwingine. Leo kwingine kunapungua. Amazon inaonesha mechi za NFL za Alhamisi usiku tangu 2022. Apple ilichukua MLS, ligi ya soka ya Marekani, nzima kuanzia 2023. Netflix ilianza kurusha mechi za NFL siku ya Krismasi 2024. NBA, ligi ya mpira wa kikapu, imegawanywa kati ya Disney, NBC na Amazon kwa miaka 11 kuanzia msimu wa 2025–26. Hao ndio wanaonunua tamthilia pia. Na Agosti 2025 yalitangazwa makubaliano ya NFL kuchukua asilimia 10 ya umiliki wa ESPN. Kamishna wa baadaye hatahitaji kumpigia simu mkuu wa Disney kulalamika kama mtu wa nje.

Wapo watakaonitajia Winning Time, tamthilia ya HBO ya 2022 na 2023 kuhusu klabu ya NBA ya Los Angeles Lakers, iliyorushwa wakati kampuni mama ya HBO ilikuwa bado na mechi za NBA kupitia kituo chake cha TNT. Ni kweli, na HBO ilisimama imara hata mawakili wa Jerry West, nyota wa zamani wa Lakers anayeoneshwa humo, walipodai iombe radhi. Lakini hadithi ile ni ya miaka ya 1980, na walioudhika zaidi ni watu binafsi. Nioneshe tamthilia ya namna hiyo kuhusu uongozi wa leo wa NBA, kwenye jukwaa linalorusha NBA, nami nitabadili mawazo.

Ushauri wangu kwa anayeandika tamthilia ya michezo ni wa kimkataba zaidi kuliko wa kisanaa. Akiweza, abuni ligi nzima, kama Oliver Stone alivyofanya kwenye Any Given Sunday ya 1999, na atenge bajeti ya sare za timu zote, maana hapo ndipo fedha huisha bila kutarajiwa. Akihitaji leseni, aiombe kwa kitu kimoja kimoja: dakika kadhaa za picha, uwanja fulani, kombe fulani. Akubali ligi isome na kutoa maoni kuhusu usahihi wa mchezo. Neno "kuidhinisha" lisiingie kwenye mkataba, hata kwa kipengele kidogo cha nembo, kwa sababu idhini ya nembo huja kutumika kama idhini ya tukio zima ambamo nembo inaonekana. Na kwa upande wa kituo, adai kipengele cha kurejeshewa kazi: kituo kikiifuta tamthilia, haki za wahusika na hadithi zirudi kwa mtunzi ndani ya muda uliotajwa, miezi 12 kwa mfano, kwa kulipa gharama za uendelezaji tu. Kituo chenye mkataba wa mechi kitakipinga kipengele hicho kuliko vingine vyote. Kikikigomea kabisa, mtunzi aulize mkataba huo wa mechi unaisha lini kabla hajasaini.