Mzunguko wa Pwani na Bara Uanzie Bara

Nimesoma tena maelezo ya njia ya baiskeli inayopita ufukoni kisha ikazunguka mashambani, na kama kawaida nimekuta namba mbili tu: kilomita 60 za urefu na mita 600 za kupanda. Baada ya hapo mwandishi anatoa hukumu kwamba njia hiyo ni ya wastani na kwamba mtu yeyote mwenye mazoezi kiasi ataimaliza kwa raha. Anamshauri mgeni aanzie baharini saa nne asubuhi, aingie bara, apumzike, kisha arudi ufukoni alasiri. Sina shaka kwamba mwandishi huyo anaipenda njia yake, lakini ushauri wake umeniudhi, kwa sababu unamtuma mwendeshaji mpya akakutane na upepo mkali wa mbele wakati ambapo miguu yake imeshachoka.

Wavuvi wa mashua za tanga wamelijua jambo hili tangu zamani, wanapotoka alfajiri kwa upepo wa nchi kavu na kurudi mchana kwa upepo wa bahari. Jua linapopanda, ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu ya ardhi hupaa, na hewa baridi zaidi ya baharini huingia kujaza nafasi yake. Siku ya jua na anga tulivu, upepo huo huanza kujionyesha kabla ya adhuhuri, hufikia ukali wake alasiri na hulegea jua linapokaribia kuzama. Usiku mkondo hugeuka, ingawa upepo utokao nchi kavu huwa dhaifu zaidi. Mtu anayefuata ushauri wa kuanzia ufukoni saa nne hufika bara bila kuona tatizo lolote, kisha hugeuza baiskeli kurudi baharini saa ileile ambayo upepo umefikia ukali wake.

Upepo wa mbele si usumbufu mdogo unaoweza kudharauliwa. Nguvu ya hewa inayomzuia mwendeshaji hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayompiga, si kwa kasi ya magurudumu peke yake. Anayekwenda kilomita 25 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa anapigwa na hewa ya kilomita 45 kwa saa, na kizuizi hicho ni zaidi ya mara tatu ya kile ambacho angekutana nacho hewa ikiwa imetulia. Bila shaka hawezi kuishikilia kasi hiyo, kwa hiyo anapunguza, na safari inarefuka.

Hapo hujitokeza wale wanaosema kwamba katika mzunguko upepo unalipana: ulichonyimwa upande mmoja utarudishiwa upande wa pili. Hesabu inawakataa. Chukua kilomita 40, nusu yake kwa kasi ya 20 kwa sababu ya upepo wa mbele, na nusu kwa kasi ya 40 kwa sababu ya upepo wa nyuma. Nusu ya kwanza inakula saa nzima na ya pili dakika 30, yaani saa moja na nusu kwa jumla. Aliyekwenda kwa kasi ya 30 mfululizo amemaliza kwa saa moja na dakika 20. Mateso hudumu muda mrefu kuliko msaada, na yakiwekwa mwishoni humkuta mtu ameishiwa maji, chakula na subira.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mzunguko wa namna hii uanzie bara. Ondoka kunapopambazuka, teremka kuelekea baharini hewa ikiwa imetulia au ikikusukuma kidogo, pita ufukoni mapema kabla magari hayajajaa na kabla upepo wa ubavuni haujaanza kuyumbisha usukani kwenye mapengo ya miti na nyumba, kisha ugeukie bara upepo wa bahari unapoanza kushika mgongoni. Njia ni ileile na jumla ya mita ni ileile, lakini mwendeshaji atafika akiwa bado anataka kurudia.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mpango huu una gharama yake. Milima huja mwishoni, bara huwa na joto zaidi ya pwani, na upepo wa nyuma unapokaribia kasi yako mlimani hukunyima ule ubaridi unaopoza jasho. Isitoshe, kwenye mwinuko mkali uzito wako ndio mzigo mkubwa, kwa hiyo msaada wa upepo ni mdogo. Vilevile zipo siku ambazo upepo mkuu wa majira huushinda upepo wa bahari, na siku hizo utabiri wa hali ya hewa ndio uamue upande wa kuzunguka. Pamoja na hayo yote, bado ni afadhali kupanda polepole kwa giya nyepesi kuliko kupambana na upepo kwenye barabara tambarare isiyo na kivuli.

Hata zile mita 600 peke yake hazisemi mengi. Zinaweza kuwa mlima mmoja wa kilomita 10 wenye mwinuko wa asilimia 6, au vilima vingi vifupi na vikali ambako barabara ya pwani hushuka kwenye kila mdomo wa kijito na kupanda tena. Katika mashindano ya baiskeli ya Milano–Sanremo nchini Italia, yaliyoanza mwaka 1907, kilima cha Poggio kina mwinuko wa wastani usiofika asilimia 4, lakini mara nyingi ndicho huamua mshindi, kwa kuwa waendeshaji hukifikia wakiwa na karibu kilomita 300 miguuni. Mahali mlima ulipo katika safari ni muhimu sawa na urefu wake. Mchanga kwenye kona za ufukoni na chumvi kwenye mnyororo navyo vinastahili kutajwa.

Namfahamu mtu aliyeiuza baiskeli yake baada ya safari moja ya namna hii. Aliambiwa njia ni ya wastani, akashindwa kuimaliza, akaamini kwamba mwili wake ndio wenye kasoro. Hakuna aliyemweleza habari za upepo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa anayeishi ufukoni na hana namna ya kuanzia bara, lipo suluhisho la pili: aondoke mapema kiasi cha kuwa amerudi kabla ya saa tano asubuhi, na kama kilomita 60 hazitoshei katika muda huo, aikate njia kwa barabara ya katikati na kuendesha kilomita 40 tu.