Kuta nene za Lamu na ramani ya mawimbi

Kila linapozuka suala la simu kumwongoza mgeni ndani ya nyumba za kale za Lamu, hutolewa hoja ileile: mji huu haufai. GPS haipenyi dari za boriti na chokaa, na Waifai hufifia kwenye kuta za matumbawe. Basi heri kufunga vifaa vya UWB (redio za masafa mafupi zinazopima umbali hadi kwenye simu), ambavyo kosa lake ni la sentimita.

Kwa usahihi peke yake, UWB haina mpinzani. Ila vifaa vyake hutaka kufungwa karibu kila chumba, na simu nyingi za watu hazina chipu yake.

Ramani ya nguvu za mawimbi ya Waifai ni kitu kingine kabisa. Unapita chumba kwa chumba ukirekodi kila ruta, yaani kifaa kinachorusha Waifai, inasikika kwa desibeli ngapi; baadaye simu hulinganisha inachosikia na rekodi hiyo. Inachotafuta ni tofauti, na anayeileta tofauti ni ukuta huohuo unaolaumiwa. Katika ukumbi mpana hatua tano hazibadilishi kitu. Hapa, toka msanani, ule ukumbi mrefu mwembamba, uingie chumba cha nyuma kiitwacho ndani, ruta iliyokuwa na nguvu inashuka ghafla.

Mwaka 2000, Bahl na Padmanabhan wa Microsoft walipima ghorofa moja ya ofisi kwa vituo 3 tu vya kupokea mawimbi, wakapata kosa la katikati la mita 2 hadi 3. Nusu ya majaribio yalikosea zaidi ya hapo. Na vyumba vyetu, ambavyo upana wake huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ni vya kiasi cha mita 3. Kwa rula, basi, kosa hilo linakutupa chumba cha pili. Lakini kosa halitawanyiki sawa pande zote. Simu hukanganya mahali panapofanana, yaani kwenye urefu wa chumba kilekile, kuliko kuruka ukuta. Mgeni anataka kujua yuko chumba gani, si mbele ya kidaka kipi.

Msana wa tini (wa chini) na wa yuu (wa juu), palipo wazi katikati, simu itaichanganya, hilo nakubali. iPhone nazo huzinyima programu za kawaida vipimo vya ruta. Mwili wa mshika simu pia huzuia mawimbi, ndiyo maana wale wawili walirekodi wakielekea pande 4. Na ruta ikihamishwa, ramani inaharibika.

Hilo la mwisho ndilo huua miradi, na dawa yake ni kijana wa mtaani anayelipwa kupima upya kila ruta inapohama. Pesa za UWB ningezipeleka huko.