Ali, Elvis na Frazier: nani abebe sura ya Marekani?

Tarehe 3 Julai 2020, chini ya mlima Rushmore huko South Dakota, Rais Donald Trump alitangaza mpango wa kujenga bustani ya sanamu za mashujaa wa Marekani. Miezi sita baadaye, zikiwa zimesalia siku mbili akabidhi madaraka, ikatoka orodha ya majina 244. Martin Luther King yumo, Harriet Tubman, mwanamke aliyewatorosha watumwa, yumo. Christopher Columbus naye yumo, ingawa Marekani bara hakuwahi hata kuitia mguu. Yumo Alfred Hitchcock, mzaliwa wa London aliyewatisha watu kwa filamu, na Alex Trebek, mzaliwa wa Canada aliyeendesha chemshabongo ya televisheni kwa zaidi ya miaka 30. Joe Biden aliufuta mpango huo Mei 2021. Trump aliporudi Ikulu Januari 2025, akaufufua.

Kuicheka orodha ile ni kazi rahisi. Ila mwambie anayecheka atoe ya kwake, uone kama hata watu wawili wa meza moja watakubaliana.

Wapo wanaosema kipimo cha anayestahili kubeba sura ya Marekani ni kujulikana tu. Mtu ambaye sura yake ukiiona popote duniani unaiwaza Marekani, huyo amefuzu, na habari za tabia yake wakaulizane jamaa zake. Kwa kipimo hicho Marilyn Monroe, nyota wa filamu, anapita bila maswali, na mwanamuziki Elvis Presley vilevile. Elvis, kwa taarifa yako, hakuwahi kufanya onyesho nje ya Marekani na Canada, lakini hadi leo wapo wanaume Japani na Ulaya wanaojipatia riziki kwa kuvaa na kuimba kama yeye. Hoja hii ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu inakubali jambo ambalo wasomi hulikwepa: taifa lile limejitangaza duniani kwa starehe zake kuliko kwa katiba yake.

Wapo wanaojibu kwamba umaarufu si heshima, na kwamba anayetwikwa jina la nchi lazima awe na mwenendo wa kuigwa. Hapa ndipo kipimo kinapomkata aliyekishika. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, aliandika mwaka 1776 kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Baraza la jiji la New York liliiondoa sanamu yake ukumbini mwaka 2021. Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari, aliwapa wafanyakazi wake dola 5 kwa siku mwaka 1914, ujira uliowashangaza matajiri wenzake, kisha miaka ya 1920 gazeti lake likawa linamwaga sumu dhidi ya Wayahudi. Ukidai usafi, bustani itabaki na nyasi.

Mimi kipimo changu ni kingine. Anayestahili ni yule ambaye ugomvi wa Marekani na nafsi yake unaonekana mwilini mwake, kiasi kwamba huwezi kusimulia habari zake bila kuigusa hoja ambayo nchi ile haijaimaliza.

Watazame vijana wawili wa kusini. Elvis alizaliwa Tupelo, Mississippi, mwaka 1935, katika nyumba ya Wazungu fukara. Bondia Muhammad Ali, wakati huo Cassius Clay, alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1942. Wote wawili waliitwa jeshini nyota yao ikiwa juu. Elvis aliitika mwaka 1958, akanyolewa mbele ya wapiga picha, akapelekwa Ujerumani Magharibi, akarudi 1960 akiwa mtoto mwema wa taifa. Na huyu ndiye ambaye Januari 1957 televisheni ilimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kiuno chake kikihesabiwa ni hatari kwa mabinti wa watu.

Ali alikwisha kusema kwamba hana ugomvi na Vietcong, wapiganaji ambao Marekani ilikuwa ikipambana nao Vietnam. Tarehe 28 Aprili 1967, huko Houston, kwenye kituo cha kuingiza watu jeshini, jina lake lilisomwa akakataa kupiga hatua mbele, maana yake akakataa kuwa askari. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alinyang'anywa ubingwa wa ndondi wa uzito wa juu na leseni, na mwezi Juni mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Jela hakuingia kwa sababu alikata rufaa, ila ulingoni hakurudi mpaka Oktoba 1970, na Juni 1971 ndipo Mahakama ya Juu ilipoifuta hukumu ile kwa majaji 8 bila mpinzani. Bondia wa uzito wa juu hafidiwi miaka ya namna hiyo.

Sasa angalia yaliyofuata. George W. Bush alimvisha Ali Nishani ya Uhuru ya Rais mwaka 2005. Trump akampa Elvis nishani hiyohiyo mwaka 2018, miaka 41 baada ya kifo chake. Aliyeitika wito na aliyeukataa wametunukiwa kitu kimoja, na hakuna aliyeulizwa nani kati yao alikuwa sahihi. Wanaopinga utukuzaji wa watu maarufu wana hoja nzito hapa: heshima inakuja kung'oa meno. Ali aliyewasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996, mkono ukitetemeka kwa ugonjwa, alipendwa hata na watu ambao mwaka 1967 wangefurahi kumwona gerezani. Hakuwa tena na sauti ya kuwaudhi.

Hata Elvis ana ugomvi wake, usidhani ni starehe tupu. Wimbo mmojawapo uliomkweza mwaka 1956 ulikuwa umekwisha kurekodiwa na Big Mama Thornton, mwanamke Mweusi wa Alabama, ambaye faida aliyoipata ilikuwa ndogo mno. Watetezi wa Elvis husema hakuiba, kwamba alikulia katika muziki wa Weusi, aliupenda na kuutaja hadharani. Nawaamini. Lakini swali la nani anaimba na nani analipwa ni la Marekani hasa, na yeye amelibeba atake asitake. Kwa hiyo kwangu Elvis anapita, ila kwa mlango tofauti na ule wanaomfungulia mashabiki wake.

Nguvu ya kipimo hiki inaonekana vizuri zaidi nje ya Marekani. Oktoba 1974, Ali na bondia George Foreman walipokutana ulingoni Kinshasa, wote wawili walikuwa Wamarekani Weusi. Foreman aliwahi kupeperusha kibendera cha Marekani ulingoni baada ya kushinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kinshasa alishuka na mbwa mkubwa wa Kijerumani, aina ileile iliyowakumbusha Wakongo polisi wa Kibelgiji. Uwanja mzima ukampigia Ali kelele za "Ali, boma ye", yaani Ali, muue. Raundi ya 8 Foreman akalala. Walimpenda Mmarekani aliyeikatalia Marekani.

Miaka sita baadaye Ali alitua Dar es Salaam na ujumbe wa Rais Jimmy Carter: Afrika isusie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Wasovieti wameivamia Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Kumletea rais bondia badala ya mwanadiplomasia kulionekana ni dharau. Waandishi wa habari nao wakambana: Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kupinga ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Na je, anajua ni nani anayewapa silaha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, kama si Wasovieti haohao? Ali, ambaye maneno hayakuwahi kumpiga chenga, alikiri huenda ametumiwa. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, mmoja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mwingine ya mita 5,000. Kenya ilisusia.

Mtu ni yuleyule, na sura ni ileile iliyokuwa ikijulikana kila kijiji. Kama umaarufu ndio ungekuwa unafanya kazi, Dar ingemsikiliza. Alipokuja kama sauti ya Washington alikuwa tarishi tu, mwenye jina kubwa.

Kipimo changu kina tundu, na wapinzani wataliona haraka. Jenerali Robert E. Lee naye amebeba ugomvi wa Marekani, tena ule mkubwa kuliko wote. Sanamu yake ilisimama Richmond, Virginia, tangu 1890 hadi ilipoondolewa Septemba 2021, na waliotaka ibaki walitumia hoja inayofanana sana na yangu: huwezi kuisimulia nchi bila yeye. Ni kweli huwezi. Lakini kusimuliwa kuna vitabu na makumbusho, na kuwekwa juu ya farasi wa shaba katikati ya mji ni jambo jingine. Lee aliongoza jeshi la kuivunja nchi hiyo kwa ajili ya majimbo yaliyotaka utumwa uendelee. Basi naongeza sharti: upande wake wa ugomvi uwe ule ulioifungulia nchi watu zaidi. Najua kwamba hapo uadilifu nilioutoa kwa mlango wa mbele umerudi kwa mlango wa uani. Na uingie, mradi ukae kona yake.

Kuhusu kura ya wengi, sina subira nayo. Mwaka 1966 kura ya maoni ya Gallup ilionyesha Wamarekani 63 katika kila 100 hawampendi Martin Luther King. Sikukuu yake ilitiwa saini na Ronald Reagan mwaka 1983, na wapiga kura wa jimbo la Arizona waliikataa mwaka 1990. Ligi ya mpira wa Kimarekani ikawanyima kuandaa fainali yake, Super Bowl, ya 1993, na kufikia Novemba 1992 walikuwa wameikubali. Pesa iliwafundisha kupenda.

Wanaoshauri kungoja mtu afe kwanza wana busara zaidi. Sheria ya Marekani inakataza tangu 1866 kuweka picha ya mtu aliye hai kwenye noti. Mchekeshaji Bill Cosby alipewa Nishani ya Uhuru mwaka 2002, akatiwa hatiani kwa udhalilishaji wa kingono mwaka 2018, na mwaka 2021 hukumu ikafutwa kwa kasoro za kisheria. Kungoja kungewapunguzia aibu.

Lakini kungoja nako kuna dhuluma yake, na anayenisumbua zaidi ni bondia Joe Frazier. Mtoto wa wakulima wa Beaufort, South Carolina, ndiye aliyemuunga mkono Ali arudishiwe leseni, na hata kumsaidia kwa pesa. Machi 1971, Madison Square Garden, alimwangusha raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi. Ali alimlipa kwa kumwita kibaraka wa Wazungu na sokwe, maneno ambayo mtu Mweusi kumwambia Mweusi mwenzake mbele ya kamera za Wazungu yanauma mara mbili. Mashabiki wa Ali hulipita jambo hili haraka. Mimi namweka Ali wa kwanza kwenye orodha yangu, na bado nasema hapo alikosea vibaya.

Frazier aliishi na kufanya mazoezi Philadelphia. Mji huo ulikuwa na sanamu ya bondia tangu miaka ya 1980, ila ilikuwa ya Rocky Balboa, bondia wa kubuni wa kwenye filamu. Frazier alifariki Novemba 2011. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2015.