Eti tuzime simu

Shangazi karusha tena ule ujumbe kwenye kundi la familia. Usiku huu, saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale ya kosmiki "itapita karibu na dunia", kwa hiyo tuzime simu. Shahidi ni NASA. Ujumbe huu hauzeeki wala hauoni haya.

Itapita! Kama matatu ya mwisho. Tangu mwanafizika Victor Hess apande na puto zaidi ya mita 5,000 mwaka 1912, inajulikana kwamba miale hii, yaani chembe za kasi kutoka anga za mbali, inatunyeshea usiku na mchana, simu iwake isiwake.

Kinachonichoma ni kusingiziwa NASA, ambao darubini yao ya miale ya gama, Fermi, iko angani tangu 2008 ikipima nishati ya chembe moja moja. Ndani mna kristali 1,536, tabaka nane. Elektroni, mojawapo ya chembe za miale ya kosmiki, ikigonga humo inazaa chembe, nazo zinazaa nyingine, kristali zinamulika. Jumlisha mwanga, umepata nishati. Rahisi? Haya. Elektroni kali kweli, mvua yake ya chembe inatokea upande wa pili. Ni sawa na kupima mvua kwa sufuria iliyofurika. Basi wanatazama ilivyokuwa ikijaa, tabaka kwa tabaka, ndipo wakadirie kilichomwagika. Na kila kadirio wanaliandikia kiasi ambacho huenda wamekosea. Nionyesheni ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye adabu hiyo!

Mwaka 2008 puto la ATIC, lililorukia Antaktika, lilileta nundu, yaani elektroni zilizozidi matarajio, kwenye nishati kati ya elektronivolti bilioni 300 na 800. Minong'ono ya maada ya giza, ile isiyoonekana, ikaanza. Mwaka uliofuata Fermi ikaja na elektroni zaidi ya milioni nne, na nundu ile haimo. Hadithi ya nundu ikaisha.

Fermi haina sumaku ya kutenganisha chembe kwa chaji, sawa, na kipimaji AMS-02 kwenye kituo cha anga kinayo. Nakubali. Lakini Fermi ilipotakiwa kutenganisha pozitroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, na elektroni, iliazima sumaku ya dunia nzima. Mjanja nani?

Tena shangazi ni mzaliwa wa Ngomeni, pwani ya Kenya! Novemba 1972, baharini kwao pale, jukwaa la San Marco lilirusha SAS-2, darubini ya miale ya gama, bibi yake Fermi kwa ukoo. Nimemweleza yote kwa sauti, dakika nne.

"Ahsante mwanangu. Roketi tukiziona utotoni. Lakini zima."

Nikazima.